Ndewe za Mektrida

Jumanne asubuhi, Mektrida alipoinama kuonja chumvi ya mtori, ndewe yake ya kulia ilitumbukia chunguni. Aliitoa, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaipuliza mahali ilipoungua, kisha akaitupa nyuma ya bega pamoja na ile ya kushoto. Akaonja tena. Chumvi ilikuwa imekolea.

"Mama, si ungezifunga kisogoni," alisema mkwewe Redempta, aliyekuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Nikizifunga kichwa kinauma. Nikiziacha zinaingia chunguni. Afadhali chunguni."

Redempta hakubisha. Alikuwa mke wa Athanas, mtoto wa pekee wa Mektrida, aliyekata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini na kupanda mlimani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake hawa wawili, ng'ombe mmoja, na masikio.

Masikio yenyewe hayakuwa ya ajabu tangu mwanzo. Mektrida alitogwa akiwa msichana, kama wasichana wote wa wakati wake pale Kyareni. Mama yake alimkalisha kwenye kigoda asubuhi kabla jua halijachoma, akamsugua ndewe kwa vidole mpaka zikafa ganzi, akapitisha mwiba. Baada ya mwiba ukaja unyasi, halafu kijiti, halafu kijiti kinene zaidi, na kila kilipobadilishwa alipakwa samli na kuambiwa asijikune. Hilo la kutojikuna ndilo lililomshinda. Alilala chali kama maiti msimu mzima, usaha ukatoka, ukakauka, ukatoka tena, mpaka siku moja tundu likapona likiwa wazi na babu yake akamchongea kipande cha mti cha mviringo cha kukaa humo. Yakobo alipokuja kumposa alisema kwamba siku ile hakuona kitu kingine zaidi ya masikio. Alikuwa anatania, ila si sana. Tangu hapo ndewe zilikaa usawa wa taya. Zilikwenda naye kubatizwa, zikaenda naye kumzika Yakobo chini ya migomba, na hazikumsumbua mtu.

Zilianza kurefuka upya mwaka ule wa bomba.

Mwaka ule Crispin, Katibu wa tawi, alipanda juu ya meza ya shule na kutangaza kwamba kabla ya masika kila mji wa Kyareni utakuwa na bomba mlangoni. Crispin alikuwa kijana wa palepale. Mektrida ndiye aliyemkata kitovu. Watu walipiga makofi. Mektrida naye alipiga, na katikati ya makofi alihisi kama mtoto mchanga amemshika sikio akavuta. Redempta, aliyekaa nyuma yake, aliona ndewe zote mbili zikishuka polepole kutoka tayani hadi begani, zikatulia. Alimgusa akamwambia. Mektrida alilegeza kanga ili zipate nafasi, wakaendelea kusikiliza.

Masika ilikuja bila bomba. Kwenye mkutano uliofuata bomba liliahidiwa tena, pamoja na mashine ya kukoboa mahindi na ng'ombe wa kisasa, na ndewe zikafika kifuani. Ahadi za Kichagga hazikuwahi kumfanya hivyo. Ahadi ya Kichagga ilitimizwa, la sivyo mwenyewe alisutwa njiani mpaka akatafuta njia nyingine ya kupita. Hizi za mkutanoni zilikuja kwa Kiswahili na makofi juu yake, na ni vigumu kumsuta mtu ambaye umempigia makofi mwenyewe.

Kyareni ilizoea. Padre alimwomba tu azikusanye mkononi wakati wa komunyo, ili walio nyuma wasizikanyage. Siku za kuoga alizianika kwenye kamba pamoja na nguo, yeye mwenyewe ameketi chini yake akichambua maharage. Waliokosa mkutano hawakuuliza tena kilichosemwa. Walipita kwake jioni, wakaamkia, wakatazama ndewe zimefika wapi, wakaenda zao wakiwa wameelewa.

Dawa yake pia ilijulikana. Athanas aliwahi kumwahidi mama yake sukari, akasahau, na ndewe zikashuka upana wa kidole. Mwezi uliofuata aliileta, na kabla hajatua mfuko ndewe zilikuwa zimepanda upana uleule, mbele ya macho yake. Hapakuwa na fumbo lolote. Ahadi ikitimizwa, sikio linapanda.

Lakini kilichomnyima Mektrida usingizi hakikuwa bomba. Yeye angekufa bila bomba na asingenung'unika. Kilichomnyima usingizi ni mfongo. Mfongo ulikuwa mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni juu msituni, ukapita kihamba kwa kihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, na kila mji ulikuwa na zamu yake ya kufungulia maji yaingie kwenye migomba na kahawa. Crispin alieleza kwamba kijiji kinachosubiri bomba hakiwezi kuonekana kinahangaika na mitaro. Wazee wa mfongo walishukuriwa wakaambiwa wapumzike, na maji yakaelekezwa, kwa muda tu, kwenye shamba la mfano la kahawa. Shamba la mfano lilianzia kwenye ua wa Crispin na, kwa sababu za kitaalamu, liliishia kwenye ua wa Crispin.

Kihamba cha Mektrida kilianza kufa taratibu. Majani ya migomba yalijikunja, mikungu ikatoka midogo ya kutia aibu, kahawa ikapukutisha maua. Na kamati ya maendeleo ilikuwa imepitisha kwamba kihamba kikifa kinarudi mikononi mwa kijiji, na mwenyewe anapewa eneo huko Kahe, tambarare, kwenye joto na mbu. Mektrida alisimama mkutanoni kuuliza.

"Na Yakobo?"

"Yakobo ndiye nani?" aliuliza Crispin.

"Mume wangu. Yuko kihambani, chini ya mgomba wa pembeni."

Crispin aliwatazama wajumbe. "Suala la waliofariki halijafika kwenye kamati," alisema, akaahidi kwamba litafika. Ndewe zilishuka mpaka kiunoni. Mektrida alirudi nyumbani amezishika kama mtu aliyebeba watoto wawili waliolala, na moyoni alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ya kuzika.

Kisha zikaja habari kwamba mgeni rasmi anatoka Moshi kuja kuona shamba la mfano. Kamati iliketi. Shamba lilikuwa la kijani, ngoma zilikuwa tayari, wimbo wa wanafunzi ulikuwa umekwisha kufundishwa. Kilichobaki ni masikio ya Mektrida, ambayo yasingeweza kufichwa, na ambayo mgeni angeweza kuyafikiria vibaya. Mjumbe mmoja alisema ni mila iliyopitwa na wakati. Bwana shamba, aliyealikwa kwa ajili ya utaalamu, alisema kiumbe chochote kinachorefuka bila kuzaa kinahitaji kupogolewa. Mzee Anaeli, ambaye zamani alikuwa msimamizi wa mfongo, alisema wafungulie maji tu, masikio yatapanda yenyewe kabla mgeni hajavuka mto. Crispin alimshukuru mzee kwa mchango wake mzuri. Kisha kamati ikapitisha kwamba masikio yapogolewe.

Crispin alikwenda kumpa habari mwenyewe. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta maji?"

Alikuwa ameleta azimio. Alizungumza muda mrefu kuhusu taifa changa na macho ya wageni. Mektrida aliendelea kukata majani ya ng'ombe. Kuhusu jambo hilo hakutaka kusikia la ndewe wala la sikio, na Crispin akaondoka jasho likimtoka.

Siku ya pili yake alirudi na isale.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kila mtu wa mlimani anajua jani la isale ni nini. Linapandwa mpakani na makaburini, na mtu aliyekosa akija nalo mkononi kuomba, anayeombwa hana njia. Baba yake Mektrida alimsamehe kwa jani hilo jirani aliyemchomea nyumba. Crispin mwenyewe alikuwa ameitaja isale mkutanoni, mara nyingi, miongoni mwa mambo yanayowarudisha watu nyuma. Sasa alikuwa amesimama mlangoni amelishika kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa vizuri kabisa, na Mektrida aliona kwamba amelichuma pale njiani, kwenye mpaka wa kihamba chake mwenyewe Mektrida. Isale haihitaji maji mengi.

Redempta aliacha kufagia.

"Unaomba msamaha wa kosa gani?" aliuliza Mektrida.

"Wa usumbufu utakaojitokeza," alisema Crispin.

"Kwa hiyo hujakosa bado."

"Bado, Mama."

Mektrida alilitazama jani. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumfundisha jinsi ya kukataa isale, kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kukataa. Crispin, alipoona hajalipokea, alisema tena, kwa sauti ya chini, na safari hii kwa Kichagga: akikubali kushonwa, mfongo utafunguliwa. Mgeni akishaondoka tu. Jumatatu itakayofuata maji yatakuwa kwenye kihamba chake, zamu kamili, kama zamani.

Ndewe zote mbili zilishuka kutoka kiunoni mpaka magotini. Crispin alizitazama. Mektrida alizitazama. Redempta alizitazama. Mektrida alijua, basi, na hawezi mtu kusema kwamba hakujua. Lakini aliangalia kupita bega la Crispin, akaona mgomba wa pembeni umening'iniza majani, na alitamani sana iwe kweli. Alipokea jani.

Mganga wa zahanati aliitwa Efraimu, Mlutheri kutoka Machame, mtu mpole mwenye mikono baridi. Alizipima kwa macho, akazilaza kwenye meza, zikaning'inia pande zote mbili.

"Zinauma, Mama?"

"Zinalemea."

"Nikizikata hazirudi."

"Najua, baba. Kata."

Alimpiga sindano ya ganzi, na ganzi yenyewe haikuwa mbaya kuliko vidole vya mama yake. Redempta alimshika mkono. Efraimu alikata, akaunganisha kilichobaki, akashona kwa uzi mweusi, mishono midogo ya kupendeza, akiomba radhi kwa kila mmoja. Vilivyokatwa alivifunga kwenye jani la mgomba, akampa mwenyewe. Mektrida alivizika miguuni pa Yakobo siku hiyohiyo, akasimama pale muda mrefu. Alilia. Hakulia kwa maumivu. Yakobo alikuwa amezipenda, na sasa alikuwa nazo.

Vidonda vilipona haraka. Viliwasha, na Redempta alipomwambia asijikune Mektrida alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sababu lilikuwa neno lilelile. Shida ilikuwa wepesi. Kichwa kilikuwa kikiinuka chenyewe. Akigeuka kumtazama kuku alizidisha, akajikuta anatazama nyumba. Asubuhi alitupa mkono begani kurudisha kitu ambacho hakikuwepo. Uzi ulipotolewa masikio yalikuwa madogo, mviringo, ya msichana wa shule, chini ya uso wa bibi kizee.

Mgeni rasmi alikuja na gari mbili. Mektrida alikalishwa mstari wa mbele na Crispin akamwonyesha kwa kidole kama mfano wa mwananchi aliyepokea mabadiliko. Mgeni alimpa mkono, akasifia shamba la mfano, akaahidi umeme, barabara ya lami, na bomba. Makofi yalivuma. Mektrida alisubiri kuvutwa, hakuvutwa. Ahadi zilimpita masikioni kama nzi, hazina pa kutua, na alipotaka kukumbuka kama umeme umetangulia barabara au barabara umeme, hakukumbuka.

Nyuma kabisa, kati ya wanawake, Redempta alisikia kitu kidogo kikidondoka kwenye nyasi. Ilikuwa hereni yake. Alikuwa nazo mbili, ndogo, za duka la Majengo, alizonunuliwa siku ya kipaimara. Aliinama kuiokota, na ya pili ikadondoka.

Jumatatu Mektrida aliamka kabla ya kuku. Alichukua jembe, akapanda hadi kwenye lango la mfongo, pale maji yanapogawanywa kwa mawe na udongo, akaketi. Alikuwa amejifunga kanga nzuri. Maji yalipita mbele yake, mengi, safi, yakielekea bondeni kwenye shamba la mfano. Hakuna aliyekuja kuyageuza. Wazee wa mfongo walikuwa wamepumzishwa, na vijana hawakujua jiwe gani huondolewa kwanza. Yeye alilijua. Alilishika kabisa, akaona upande wa pili mgambo wawili wa kijiji, wamekaa kwenye kivuli na virungu, wakamwamkia kwa heshima sana. "Shikamoo, Bibi. Usiliguse, tafadhali." Akaliachia.

Alishuka moja kwa moja hadi kwa Crispin. Alimkuta barazani anakunywa chai.

"Leo ni Jumatatu," alisema Mektrida.

"Ni kweli, Mama. Shikamoo. Karibu chai."

"Uliniahidi maji."

Crispin aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kiburi, na alijitahidi kwa dhati kukumbuka. Aliinuka, akamsogelea, akaangalia sikio la kulia, akazunguka akaangalia la kushoto. Yalikuwa safi. Palikuwa na kovu jembamba la mishono ya Efraimu na basi.

"Mama yangu," alisema, kwa upole ambao ulimuumiza Mektrida kuliko tusi, "ingekuwa nimeahidi, si ingeonekana?"

Mektrida alifungua mdomo kujibu. Hasira ilimpanda mpaka akaona giza, lakini alipoitafuta ile siku, sauti, maneno yenyewe ya Kichagga, alipata mlango na jani la kijani tu. Mengine yalikuwa miguuni pa Yakobo. Alikunywa chai, kwa kuwa alikuwa amekaribishwa, akaondoka.

Redempta alimsubiri kihambani. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye taya, na alipokifungua ndewe zake zilishuka zikafika begani. Matundu ya kipaimara yalikuwa yamefunguka kiasi cha kupitisha kidole gumba. Kando kando palikuwa pekundu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mgeni. Niliona haya kukwambia, Mama."

Mektrida aliweka jembe chini. Aliipokea ndewe ya kulia kiganjani, akaipima kama mtu anavyopima kuku sokoni, halafu ya kushoto. Hii ya kulia ilikuwa na umeme na lami. Ilikuwa laini tu, nzito kijinga. Lakini ya kushoto aliitambua mara moja.

"Hii ni ile ya Jumatatu," alisema. "Uzito wake naujua. Ulikuwepo aliposema?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nafagia."

"Alisemaje?"

Redempta alimwambia neno kwa neno, kwa Kichagga, mpaka na ile "zamu kamili". Mektrida alisikiliza hadi mwisho, na hasira yake ikapata pa kukaa. Kisha aliingia ndani akatoka na kisu, kipande cha mti, na bakuli la samli. Aliketi kwenye kigoda akaanza kuchonga mviringo. Alikuwa na furaha, na aliona haya kuwa na furaha, kwani mtoto wa watu alikuwa anaumia.

"Utalala chali," alisema. "Itatoa maji, itakauka, itatoa tena. Usijikune."

Alikwenda naye kwa Crispin Jumanne. Crispin alisikitika sana. Alieleza kwamba sikio la mkwe haliwezi kutoa ushahidi wa jambo aliloahidiwa mkwe mwenzake, utaratibu hauruhusu, ila atalifikisha kwenye kamati. Ndewe za Redempta zilifika kifuani njiani wakirudi.

Baada ya hapo wanawake walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Zita, jirani wa juu, ambaye naye kihamba chake kilikuwa kinakauka, na ambaye alisema amechoka kusahau. Akaja Digna, mama yake Crispin mwenyewe, bila maelezo. Mektrida aliwakalisha asubuhi kabla jua halijachoma, akawasugua mpaka ganzi, akapitisha mwiba, akawatia unyasi. Alifanya hivyo bila sherehe. Padre alinunua kamba ndefu zaidi akaifunga nje ya kanisa, ya kuning'inizia ndewe wakati wa misa ndefu. Fundi mmoja wa Majengo alianza kushona mifuko ya kitambaa ya kubebea, yenye mkanda wa kuvaa begani, na ikapendwa hadi Mabogini. Masikio ya wajumbe wa kamati yalibaki vilevile, madogo, yamebana kichwani.

Migomba ya Mektrida iliendelea kulala mmoja mmoja. Ule wa pembeni ulikuwa bado umesimama.

Jumapili moja baada ya misa walikuwa wamekaa pale kihambani, wanawake wa pande zote za Kyareni, wameshusha ndewe mapajani, wengine wabichi bado na unyasi, wakipakana samli. Chini yao mfongo ulisikika ukipita kwenda kwenye shamba la mfano. Crispin akatokea njiani. Alikuwa amevaa suti mpya ya kola ndogo, na alishika jani la isale kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Waliostahili kumwamkia walimwamkia, na aliostahili kuwaamkia akawaamkia. Alisema ana neno dogo, kwa niaba ya kamati, kuhusu maji.

Wanawake walisogea wakampa nafasi. Mektrida alimsukumia kigoda, akalipokea jani, akaliweka chini pamoja na mengine aliyokwisha kuyaleta. Crispin alikohoa, akaanza kusema, na Mektrida akalivuta bakuli la samli karibu.